Kisu cha kukunja kilicholiwa na grainda: baiskeli, Kamukunji, kiwandani au mikono yako?

Grainda ya mkono haisimami papo hapo unapozima swichi. Diski huendelea kuzunguka kwa sekunde kadhaa, na ukiilaza mezani kabla haijatulia, hutambaa yenyewe mpaka ipate cha kukata. Hilo nililifundishwa siku ya kwanza ya uanagenzi. Hata hivyo, jioni moja katika karakana yetu ya Kariobangi, Nairobi, niliizima nikailaza na kugeuka kumjibu mteja. Kisu changu cha kukunja kilikuwa kimeachwa wazi juu ya meza ileile, kwa kuwa nilikuwa nimetoka kukatia kamba. Diski ilikifikia kabla mkono wangu haujaifikia.

Ni Victorinox nyekundu, kisu cha Uswisi chenye urefu wa milimita 91 kikiwa kimekunjwa, zawadi ya mjomba wangu, na kimekaa mfukoni mwangu miaka mingi. Ncha ya bapa kubwa ilikatwa milimita 4 hivi, na kando ya mkato kukabaki doa la buluu. Katikati ya makali palitoka pengo la kama milimita moja. Plastiki ya mpini upande mmoja ililika na kuyeyuka. Bapa dogo, mkasi, bisibisi na kifungua chupa havikuguswa.

Kila niliyemwonyesha alinipa njia yake. Mmoja alisema nimpe mnoa visu wa baiskeli. Mwingine akanielekeza Kamukunji, kwa wahunzi wa jua kali wa Nairobi. Wa tatu akasema kirudi kwa waliokitengeneza, Uswisi, na wa nne akaniambia ninunue kingine niachane na hiki. Njia hizo nilizifuata moja moja, nyingine kwa kazi na nyingine kwa kuuliza tu, na sasa nina msimamo: unapochagua wa kumpa kisu chako, usianze kwa kuangalia ukubwa wa pengo. Angalia joto. Uliza chuma kimeshapata joto kiasi gani, na huyo unayetaka kumpa atakiongezea joto kiasi gani. Pengo hutisha macho lakini chuma kinacholizunguka bado ni kizima. Chuma kilichoungua hakirudi kuwa kigumu kwa kunolewa.

Soma rangi kwanza

Bapa la kisu hupewa ugumu kiwandani kwa kupashwa moto mkali, kupozwa ghafla, kisha kupashwa tena kidogo ili lisivunjike kama kioo. Victorinox hulipa bapa ugumu wa takriban 56 kwa kipimo cha Rockwell, mkasi na msumeno 53, na springi 49, kwa sababu springi inatakiwa kupinda na kurudi. Namba hizo zinakwambia kwamba kila kipande kilipewa joto lake kwa makusudi, na diski ya grainda haina makusudi.

Chuma cha kaboni cha kawaida, kama cha panga, huanza kugeuka rangi ya majani makavu karibu nyuzi 220 za Selsiasi, na kufikia buluu karibu 300. Chuma kisichoshika kutu huchelewa kubadili rangi. Buluu yake hutokea kwenye joto kubwa kuliko hilo. Kwa hiyo doa la buluu kwenye Victorinox ni habari mbaya zaidi kuliko doa kama hilo kwenye panga. Sehemu hiyo imelainika. Ukiinoa, itachukua makali vizuri, itakata karatasi mbele ya macho yako, halafu baada ya kukata katoni mbili tatu makali yatajikunja upande. Pitisha ukucha taratibu kutoka mgongoni kuelekea makalini, pande zote mbili: ukikwama upande mmoja tu, makali yamelala.

Kwangu buluu ilikuwa nchani tu, milimita 2 hivi kutoka kwenye mkato. Katikati, penye pengo, diski iligusa na kuruka. Chuma kilibaki cheupe. Hiyo ikawa bahati yangu, kwa sababu ncha ilikuwa lazima ifupishwe hata hivyo, na ile buluu ingeondoka pamoja nayo. Kama buluu yako imekaa katikati ya makali na imepanda kuelekea mgongoni, unaweza kuruka sehemu inayofuata yote. Bapa hilo, likiwa la chuma kisichoshika kutu, halina wa kulitengeneza mtaani. Soma habari za kiwandani, au nunua jingine.

Baiskeli dhidi ya kinoo chako

Mnoa visu wa baiskeli anafahamika mtaani kwangu. Husimamisha baiskeli yake kwenye stendi, akakanyaga pedali, mkanda ukazungusha gurudumu la kunolea lililofungwa mbele yake. Sikumpa bapa kubwa. Nilimfungulia lile dogo ambalo halikuwa na tatizo ila butu la kawaida, nione mkono wake. Chini ya dakika moja alikuwa amemaliza, akanikatia ukingo wa gazeti ili nione, nikamlipa shilingi 50.

Bapa lilikuwa kali kweli. Lakini nilipolitazama nyumbani chini ya taa niliona mambo mawili. Karibu na mpini, mahali gurudumu lilipoanzia, palikuwa na bonde dogo, kwa sababu kisu cha kukunja ni kifupi na gurudumu haliwezi kuingia mpaka shina la bapa bila kugonga mpini. Na ncha, iliyokuwa kali na nyembamba, ilikuwa imeviringwa kidogo. Wiki tatu baadaye makali ya karibu na ncha yalikuwa yamekwisha huku ya katikati yakiwa bado yanakata. Ncha ni nyembamba, haina nyama ya kumeza joto; ndiyo inayoungua kwanza kwenye gurudumu kavu, hata kama haikuonyesha rangi.

Nilirudi kumuuliza kama angeweza kuweka maji.

"Mzee wangu, ukiweka kopo la maji likawa linadondoka juu ya jiwe, si kisu kitapoa?"

"Kitapoa, kijana wangu. Lakini jiwe litateleza, na mimi nina visu vya bucha mbili vinaningoja kabla ya saa nne."

Hapo nilimwelewa. Kisu cha bucha hunolewa karibu kila siku, ni kirefu, kinene, na mwenye bucha anataka kikate leo. Kwa kazi hiyo mzee yule ni bora kuliko mimi na kinoo changu, na shilingi 50 yake ni halali kabisa. Kisu cha mfukoni chenye bapa la milimita 65 ambalo unataka likae miaka mingine kumi ni kazi ya namna nyingine. Ukilazimika kumpa, mpe masharti mawili: aguse na kuinua, aguse na kuinua, na ashike bapa kwa vidole vitupu karibu na sehemu inayonolewa. Vidole vikishindwa kuvumilia, kisu nacho kimeshindwa.

Upande wa pili ni kinoo. Kile cha pande mbili, upande mmoja wa mawe makubwa na mwingine laini, hupatikana karibu kila duka la vifaa vya ujenzi. Kama hukipati, nunua msasa wa maji namba 120, 240, 400, 800 na 1200 kwa wauzaji wa vifaa vya rangi ya magari kule Kirinyaga Road, uulaze juu ya kipande cha kioo kinene cha dirisha, umwagie maji. Kioo kimenyooka kuliko mbao yoyote utakayoipiga randa. Hii ndiyo njia niliyoitumia, na hapa ndipo pana kazi ya kuelezwa.

Ncha haitengenezwi kwa kusaga makali. Watu wengi hufanya hivyo: wanayapandisha makali kuelekea mgongoni mpaka yakutane na mkato. Matokeo yake ni ncha iliyosimama juu, na siku unapokikunja kisu inachungulia nje ya mpini. Ukiingiza mkono mfukoni, inakusubiri. Fanya kinyume: teremsha mgongo. Saga mgongo kwa mteremko wa taratibu mpaka ukutane na makali ambayo tayari yapo. Ncha mpya itakaa chini, na kisu kikikunjwa itazama ndani mahali pake. Kila baada ya muda kikunje utazame, usingoje mwisho. Kwangu kilichoondoka ni milimita 6 jumla, zile 4 za ajali na 2 za buluu. Msasa 120 uliosaga mgongo ulichukua jioni mbili, na chuma hakikupata joto hata la chai.

Pengo ni hesabu nyingine. Kulifuta kabisa maana yake ni kushusha makali yote kwa milimita moja, kutoka shinani mpaka nchani. Ukishusha sehemu ya pengo peke yake, unapata bonde, na kisu hakitakaa sawa tena juu ya ubao wa kukatia. Pia kumbuka bapa ni nene zaidi kuelekea mgongoni, kwa hiyo makali mapya yatakuwa mazito kuliko ya zamani mpaka uyakonde pande zote mbili. Milimita moja nilikubali kuifuta. Pengo la milimita mbili au zaidi ningeliacha. Lingefutika lenyewe kidogo kidogo katika kunoa kwa miaka, na kwa sasa lingenasa tu uzi mara moja moja.

Pembe ambayo Victorinox wenyewe huelekeza ni nyuzi 15 mpaka 20 kila upande. Si lazima uwe na kipimo. Kwa bapa lenye upana wa milimita 14, laza kisu juu ya kinoo kisha inua mgongo milimita 4 hivi. Hiyo ni karibu nyuzi 17. Paka makali wino wa kalamu nene, sugua mara mbili, tazama. Wino ukibaki chini kabisa penye makali, umelala mno. Ukitoka hapo tu na kubaki juu, umesimama mno. Namba 400 kwa kazi nzito, 1200 kumalizia, kisha mkanda mkuukuu wa ngozi, ukivuta mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma.

Kamukunji

Kamukunji nilikwenda na swali moja: je, pengo linaweza kujazwa kwa kuchomelewa, kisha bapa lirudishiwe ugumu wake? Mabanda ya pale yana historia. Rais Moi aliwatembelea mafundi wale mwaka 1985, walipokuwa wakifanya kazi juani kweli, na ahadi ya kivuli ikafuata. Kwa mhunzi kivuli si starehe tu. Rangi ya chuma kilichotoka motoni haisomeki juani, na anayeisoma vibaya huharibu kazi.

Fundi niliyemkuta alikuwa akifua patasi kutoka springi ya gari. Alikipokea kisu, akakigeuza, akaniuliza jambo moja tu: "Hiki hushika kutu?"

"Hakishiki, fundi."

"Basi kipeleke nyumbani. Moto wangu si wake."

Nilimpenda kwa jibu hilo, na sababu yake ni hii. Chuma cha springi ya gari, cha panga, cha jembe, huwa tayari kuchovywa kikifika karibu nyuzi 800, na mhunzi ana alama ya kumsaidia: karibu nyuzi 770 sumaku huacha kukishika. Akipita hapo kidogo, anachovya, chuma kinagumuka. Chuma kisichoshika kutu cha visu kinahitaji zaidi ya nyuzi 1000, kwa muda uliopimwa, katika tanuri. Ukikichovya kutoka kwenye moto wa makaa kikiwa na wekundu wa cheri tu, hakitapata ugumu wake, na utakuwa umeua na sehemu iliyokuwa nzima. Kuchomelea pengo ni vilevile: joto la weldingi husambaa pande zote mbili za kiraka, na makali yanabaki na sehemu tatu zenye tabia tatu.

Kwa hiyo kabla ya kupanda matatu ya kwenda mjini, soma bapa lako limeandikwa nini. Jina Victorinox lenyewe linakujibu: Victoria ni mama yake Karl Elsener aliyeanzisha kiwanda hicho mwaka 1884, na "inox" iliongezwa 1921 kwa ajili ya chuma kisichoshika kutu. Opinel, kisu cha Kifaransa chenye mpini wa mbao, hukurahisishia zaidi. Bapa hupigwa chapa "Inox" au "Carbone". Ukiwa na Carbone iliyoungua, mhunzi mzuri wa Kamukunji anaweza kukirudishia ugumu, ingawa itabidi bapa litolewe mpinini kwanza, na kulirudisha ni ufundi wa ziada. Ukiwa na Inox, fuata ushauri wa fundi wangu.

Kitu kingine ambacho mafundi wale wanakiweza vizuri ni kunyoosha. Bapa lililopinda kwa kutumiwa kama mtaimbo wa kufungulia kopo la rangi hunyooshwa baridi, ndani ya jiliwa, kati ya vipande viwili vya mbao, kwa kuvuta polepole na kuzidisha kidogo kwa sababu chuma hurudi. Usikubali nyundo. Chuma cha ugumu wa 56 kinaweza kuvumilia kuvutwa. Kikigongwa ghafla hukatika.

Ribiti mpya, yaani zile pini zinazoshikilia vipande pamoja? Hapana, isipokuwa kisu kimelegea hakifai tena. Victorinox kama hii haina skurubu. Imefungwa kwa ribiti, na kuifungua ni kusaga vichwa vyake. Kuzirudisha ili vipande vyote vifunguke kwa uzito uleule na springi zikae sawa ni kazi niliyoiona ikishindwa mara nyingi kuliko kufaulu. Visu vyenye skurubu ni hadithi nyingine. Bisibisi ndogo ya nyota yenye pembe sita (Torx), T6 au T8, inakufungulia kila kitu mezani kwako.

Kukirudisha kiwandani

Dhamana ya Victorinox inahusu kasoro za chuma na za utengenezaji. Ajali ya karakana haimo, wala uchakavu, na ni haki. Lakini matengenezo ya kulipia yapo, na kwa bapa lililoungua katikati hii ndiyo njia pekee ninayoiamini, kwa sababu wao hubadilisha bapa zima na kufunga upya kwa ribiti zao. Anza kwa kuuliza duka lililokuuzia kabla ya kutuma mwenyewe. Pima gharama ya kutuma kwenda na kurudi, ushuru, na wiki za kungoja, kisha linganisha na bei ya kisu kipya cha aina ileile. Kwa kisu cha kawaida, kipya hushinda. Kwa zawadi ya mjomba, hesabu hiyo si ya shilingi peke yake, na sitamlaumu anayeituma.

Kipo kisu kimoja ambacho ningekiacha bila kusita: kile kinachojifunga kikifunguliwa, na kufuli yake imeguswa na grainda au imepinda. Bapa butu linakuchelewesha kazi. Kufuli ikilegea katikati ya kukata, bapa linakuja vidoleni. Usimpe yeyote akijaribie.

Mpini

Hapa sina ulinganisho mrefu, kwa sababu nyumbani panashinda kila mahali. Maganda mekundu ya Victorinox ya milimita 91 hayakufungwa kwa skurubu. Yamebanwa juu ya vichwa vya ribiti za shaba. Toa kibano na kijiti cha meno kwanza. Ingiza kitu chembamba, kipande cha kadi ngumu ya plastiki au kisu cha mezani kisicho na makali, kati ya ganda na chuma, kwenye kona, kisha ubinue kidogo kidogo ukizunguka. Ganda huachia ribiti moja baada ya nyingine. Maganda mapya huuzwa mtandaoni, ila hakikisha ni ya milimita 91, maana ya 84 hayatakaa.

Kama ganda limekwaruzwa tu, usilitoe. Sugua kwa msasa wa 800 kisha 1200, umalizie kwa dawa ya meno na kitambaa. Na usikaribishe dawa ya kuondoa rangi ya kucha. Asetoni huiyeyusha plastiki hiyo, na mtu aliyetaka kufuta doa la gundi huishia na doa la vidole vyake mwenyewe.

Kabla ya kurudisha ganda nilikiosha kisu chote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nikifungua na kufunga kila kipande ndani ya maji, kwa sababu unga wa grainda na msasa uliojificha kwenye viungo hula ribiti. Nikakikausha, nikadondosha tone moja la mafuta ya cherehani kila kiungo, nikapangusa yaliyozidi ili tunda la kesho lisinuke. Ganda jipya nililiweka juu ya ribiti, nikafunika kitambaa, nikalibana ndani ya jiliwa polepole. Lilitoa mlio mdogo, mara mbili. Bapa sasa ni fupi kwa milimita 6, na mgongo wake una mteremko ambao mjomba aliutambua mara tu nilipomkabidhi amenyee chungwa.